Fungua Mdomo, Tuone Senene

Rafiki yangu, juzi nilipita sokoni Kalerwe nikaona jambo la ajabu. Vijana watatu wamekaa juu ya magunia, wananyonyoa senene, na hakuna anayesema neno. Kila mmoja na waya zake masikioni. Mwenye biashara kawaacha hivyo hivyo, hana wasiwasi. Kwa Bibi yangu hapo pangekuwa na kesi.

Kwa Bibi, kule Kisugu, senene walinyonyolewa kwa kelele. Panzi hao wa kijani wakishakuja na mvua, Bibi ananunua gunia asubuhi, na mimi nikitoka shule tunakaa barazani, vidole tumevipaka majivu visiteleze, tunang'oa mabawa na miguu. Pembeni, kwenye sigiri, karai la kwanza limeshaanza kutoa mafuta yake, kitunguu kimeingia, na ile harufu, we acha tu. Mkono ulikuwa unajiendea wenyewe kwenye karai. Ndiyo maana Bibi aliweka sheria: anayenyonyoa lazima aseme. Aliyenyamaza ana kitu mdomoni. "Fungua mdomo," anaambiwa, na mdomo unakaguliwa mpaka magego.

Sasa tuseme nini mchana kutwa? Darasa letu la tano lilikuwa na kelele kuliko stendi ya mabasi, na mwalimu wa Kiingereza, kwa hasira, alitupa misemo ya kunyamaza tu, tuikariri. Dada yangu alikuwa amemaliza shule, anangoja kazi isiyokuja. Akaigeuza misemo ile kuwa wimbo wa baraza. Yeye anatupa Kiingereza, mimi narudisha maana, kwa sauti ya muuza nyanya. Zip it: funga zipu ya mdomo. Bite your tongue: una neno, limeze. My lips are sealed: midomo yangu imepigwa muhuri, sisemi ng'o. Mtaa mzima ulikuwa unajua kwamba tumenyamaza.

Jirani yetu, mke wa polisi kutoka kaskazini, alikuwa anakuja kutusaidia na Kiswahili chake cha kambini. "Hii Kiingereza iko na kelele mingi sana kwa mutu ya kunyamaza," anasema. Tulipofika keep it under your hat, yaani siri iweke chini ya kofia, Bibi aliacha kukoroga. "Na sisi wa mitandio tuziweke wapi?"

Mimi nilijiona bingwa, si wa kukariri tu, wa kazi yenyewe. Msimu huohuo Dada alianza kutoweka mchana. Akaniambia nikiulizwa niseme yuko kwa rafiki yake, na zaidi ya hapo mum's the word, yaani neno lisitoke. Nikajua ana mchumba. Bibi aliponibana sana, nikafunga zipu. Akaninyima senene. Nilikaa pale nikimwangalia mke wa polisi akimaliza bakuli langu, kra, kra, kra, huku ananitazama machoni, na bado sikusema. Niulize kama niliwahi kumpenda mtu kuliko hapo.

Halafu siku moja barazani Dada akanyamaza. Katikati ya msemo. Mikono inang'oa mabawa, mdomo kimya. Nikaruka: "Bibi, huyu ana kitu." Anayemkamata mwenzake ndiye aliyekuwa anaonja wa kwanza, na mimi nilikuwa na njaa ya siku zote zile. Bibi hakuinua kichwa, basi nikamwamuru mwenyewe. "Fungua mdomo." Dada akafungua. Nikachungulia mpaka kooni. Hamna kitu. Meno tu, na lile moja lililovunjika pembeni. Nikacheka sana. Nilicheka peke yangu.

"Mwache afunge," Bibi akasema taratibu.

Kesho yake nilitoka shule nikakuta godoro la Dada limekunjwa. Alikuwa ameshapanda ndege kwenda Uarabuni, kufanya kazi za ndani. Kumbe michana ile yote alikuwa anakwenda kwa wakala wa safari. Nikamuuliza Bibi alijua tangu lini. Bibi akautengeneza mtandio wake kichwani, akaingia jikoni. Mke wa polisi ndiye aliyesema. "Walisema wewe taleta kelele mpaka uwanja ya ndege. Sisi bote tulinyamaza juu yako tu, toto."

Juu yangu, yaani kwa sababu yangu. Mimi niliyekula harufu kwa ajili yake. Nilipewa siri ya mchumba asiyekuwepo niilinde kwa tumbo langu, na ile ya kweli ikalala chini ya mtandio.

Siku hizi baraza lile limezungushiwa mabati, kuna mpangaji anatengeneza simu. Mke wa polisi alihama mumewe alipohamishwa. Bibi meno yamemwisha, anakunywa uji. Senene wa Kalerwe nilinunua kikombe, wameshanyonyolewa, wameshakaangwa. Watamu, sidanganyi. Lakini nilimaliza kikombe kizima na hakuna aliyenikagua.

Dada hupiga simu ya video siku za Ijumaa. Ada yangu ya shule anatuma yeye, kwa hiyo hata kumkasirikia nako kuna masharti. Anauliza, nasema ndiyo. Anauliza tena, nasema ndiyo. Ijumaa iliyopita hizo ndiyo zangu ziliniishia. Akanitazama.

"Mbona kimya? Fungua mdomo."

Nikaufungua mbele ya kamera, mpaka magego. Akachungulia, akasogea karibu, akachungulia tena. Hakucheka.

"Haya," akasema. "Funga."