Betri za Mwesiga Kwenye Mizani ya Kahawa

Mimi si mtu wa kukaa na jambo moyoni, na hili nimekaa nalo vya kutosha. Jumapili ile, baada ya ibada, Ta Kahangwa alisimama ndani ya kigango, kanisa letu dogo, kutoa matangazo. Ni mwalimu mstaafu, tunamwita Ta kwa heshima ya uzee, na ndiye mwenyekiti wa kamati ya mashua yetu. Alitangaza ndoa, akatangaza zamu za usafi, halafu kwa sauti ileile akatangaza kwamba chanjo za watoto wa visiwani zimeharibika kwa uzembe wa fundi Shadya Lukmani wa Bukoba. Jina lake alilitaja mara tatu. Nilihesabu nikiwa benchi la nyuma, na mdomo wangu huu ambao kwa kawaida haufungiki, siku hiyo ulifungika. Sababu nitaisema, maana inanihusu.

Mashua yenyewe inaitwa Mwesiga, na mimi Philbert ndiye nahodha wake. Inatoka kwenye mwalo wetu hapa Muleba mara mbili kwa mwezi, siku tano majini, kumzungusha nesi Clotilda na chanjo zake Kerebe, Bumbire na kambi ndogo ndogo za wavuvi. Tunakwenda kwa tanga kwa sababu petroli ya kuzunguka visiwa vyote hivyo hatuiwezi. Injini ndogo ipo ya kuingilia mwaloni upepo ukilala. Friji ya chanjo, taa na redio vyote vinakula umeme wa betri mbili zilizo chini ya sakafu, zinazochajiwa na paneli za sola juu ya paa. Betri zikizima, tunakuwa tumempeleka nesi kutembea tu.

Sasa huyo Shadya. Baba yake, mzee Lukmani, alikuwa anachaji betri za watu Bukoba mjini tangu enzi zile watu wa Izimbya wanakuja na betri ya redio imefungwa nyuma ya baiskeli. Wanawe wa kiume walikimbilia kuuza vitenge, binti ndiye aliyebaki na asidi. Leo ana miaka hamsini na kitu, hana dera hata moja lisilo na matundu ya asidi, na wala hajali. Ukimpelekea betri haulizi kwanza utalipa nini, anauliza umeifanyia nini. Nimeona wanaume wazima wakibabaika mbele ya swali hilo.

Betri za kwanza za Mwesiga alituchagulia yeye. Kamati ilitaka za gari, kwa kuwa zinapatikana kila mahali. Yeye aliuliza friji inafanya kazi saa ngapi kwa siku, taa ngapi, na jua likigoma tunataka kukaa siku ngapi. Ndipo akatueleza kama watoto wa shule kwamba betri ya gari imetengenezwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache, injini iwake, basi, na ndiyo maana pleti zake ni nyembamba. Ya friji inatakiwa itoe kidogo kidogo usiku kucha, kwa hiyo inataka pleti nene, na pleti ni madini ya risasi, na risasi ina uzito wake. Zilipokuja tulizibeba wawili wawili huku tukitukana kimoyomoyo.

Akanipa na masharti. Nipime kwa mita alfajiri kabla jua halijagusa paneli, na nikikuta chini ya volti kumi na mbili nukta mbili, nizime kila kitu isipokuwa friji. Nifungue vizibo kila baada ya safari, na maji yakipungua niongeze yale safi ya kununua kwenye chupa, si ya ziwa, wala ya mvua iliyopita kwenye bati. Vichwa vya betri nivipake grisi. Na nisimchajie mtu simu, hata awe nani. Kwa sharti hilo la mwisho niliitwa bahili visiwa vinne. Lakini betri zile zilikaa miaka saba, ulizeni mwingine aliyefikisha hata minne.

Mwaka jana Shadya akasema zimechoka, tubadilishe. Akaandika kwenye karatasi aina ya betri ya kununua, na chini kabisa akaandika kwamba zipimwe kabla ya kuletwa, na kila moja isipungue kilo hamsini na tano. Ta Kahangwa aliisoma karatasi mbele ya kamati, akavua miwani, akauliza kama tunanunua betri au mbuzi. Kamati nzima ikacheka. Nisijitie hamnazo, na mimi nilicheka.

Shadya akaenda Karagwe kwa binti yake aliyejifungua, akae naye hadi arobaini. Alituomba tumsubiri, au angalau tupime. Ta Kahangwa hana subira. Alisafiri mwenyewe, akarudi na betri mbili zinang'aa kutoka duka ambalo silitaji, maana nasikia limeshabadilisha jina. Ubavuni zilikuwa na karatasi imeandikwa SOLA na namba 200 ya uwezo wa betri, kubwa kama ya basi. Mimi ndiye niliyezishusha. Niliweka moja begani, peke yangu, nikaingia majini hadi magotini, nikapanda nayo mashuani. Akina mama waliokuwa wanaanika dagaa wakanishangilia. Nikarudi kuchukua ya pili, safari hii natembea kwa maringo, nawaambia kwamba ndizi za mke wangu si za mchezo. Niliona ni nyepesi, jamani. Mwili wangu ulijua, nikaamua kwamba nimekuwa na nguvu.

Safari mbili za kwanza jua lilikuwa kali na mambo yakaenda. Kumbe ilikuwa nguvu ya soda. Safari ya tatu mvua za vuli zikaanza, mawingu yakatanda siku mbili mfululizo, na alfajiri ya tatu tukiwa Kerebe nikapima nikakuta kumi na kitu. Friji ilikuwa kimya. Nesi Clotilda alifungua mfuniko, akatazama kipimajoto, akaufunga. Ufukweni walikuwapo akina mama zaidi ya thelathini, wengine wamepiga kasia tangu kambi za mbali na watoto mgongoni. Nilimwambia nitawaambia mimi, akakataa. Akawaendea mmoja mmoja akiwaomba radhi kwa kosa ambalo si lake, na nilipomwona anafuta macho kwa mgongo wa mkono nilitamani nizitupe betri zile ziwani.

Tuliporudi, mtu wa kubeba lawama akatafutwa. Shadya hakuwapo zilipoletwa, hakuzigusa, hakuziona hata kwa picha. Lakini kwenye boksi la betri kulikuwa na jina lake na namba yake ya simu tangu zamani, na hilo likatosha. Wakamwangushia jumba bovu. Nisikilizeni vizuri hapa. Ta Kahangwa hakula hata senti, na wizi ningeuelewa. Yeye alikuwa tayari kumzika mwanamke akiwa hai kuliko kusema maneno mawili, kwamba amepigwa dukani.

Na alikuwa anazikwa kweli. Betri ni boksi jeusi, hakuna anayeona ndani. Mteja anaamini mkono wa fundi, na mkono wa fundi unakwenda na jina lake. Katika siku tano wavuvi wa mwalo wetu, waliokuwa wanampelekea betri za taa za dagaa, wakahamia kwingine. Zahanati moja aliyokuwa akiitunzia sola ikamwambia itampigia. Jina alilolirithi kwa baba yake, akalilinda miaka thelathini, lilikuwa linakwisha kwa tangazo la dakika mbili.

Nilimpigia simu Jumamosi iliyofuata, nimeshachelewa. Nilimweleza yote akanisikiliza bila kunikatiza. Halafu akaniuliza swali moja.

"Nani alizibeba?"

"Mimi."

"Wewe na nani?"

"Peke yangu, dada."

 Akaniambia nizitoe betri mashuani, nimpelekee kesho kwenye ghala la kahawa.

Ghala lile liko ukuta kwa ukuta na kigango chetu, na ndani yake kuna mizani ya kupimia magunia. Watu walipotoka ibadani walimkuta Shadya amesimama barazani na dera lake la matundu, pikapu imeegeshwa pembeni na zile betri za zamani zimo, kwa kuwa yeye hatupi risasi. Alikuwa ameshamwomba karani wa mizani. Aliwaamkia wazee shikamoo, akamwamkia na Ta Kahangwa vilevile, kwa adabu ambayo mimi nisingekuwa nayo. Vijana wawili wakaishusha betri ya zamani wakihema. Karani akasoma kwa sauti kilo sitini na moja. Ikawekwa mpya, yenye namba 200 ubavuni. Karani alisoma, akarekebisha mizani, akasoma tena. Kilo ishirini na tisa.

Shadya akaeleza kwa maneno machache kwamba ile ni betri ya gari iliyobandikwa karatasi. Watu wakaanza kunong'ona. Na Ta Kahangwa, badala ya kunyamaza, akasema mizani ni mbovu.

Hapo ndipo alipojimaliza. Ma Kokwijuka, bibi ambaye kahawa yake imepita ghala lile tangu aolewe, alisogea mbele taratibu na mkongojo wake.

"Kahangwa, waitu, ndugu yetu, mizani hii imepima kahawa yangu na yako. Kama ni mbovu, sema sasa hivi, tujue tumeibiwa miaka mingapi."

Hakuna aliyecheka. Kila mtu pale ana shamba, na kila mtu alikuwa anangoja jibu. Karani wa mizani alikuwa amekunja mikono anamtazama. Ta Kahangwa alivua miwani yake, ile aliyoivua siku ya mbuzi, akaifuta kwa muda mrefu.

"Mizani ni nzima," akasema. "Nilipigwa."

Nilidhani Shadya atafurahi. Hakufurahi. Alimwambia kwamba kupigwa si dhambi, hata yeye amewahi kupigwa, lakini jina lake lilitajwa mara tatu mle ndani na yeye hakuwapo kujitetea. Sasa yupo. Ta Kahangwa akasema mbele ya watu wote kwamba fundi Shadya Lukmani hana kosa. Akasema tena. Mara ya tatu alipomaliza, nesi Clotilda akawa wa kwanza kupiga makofi.

Makofi yalipotulia, Shadya akanigeukia. Nilijua anajua kilichonifunga mdomo Jumapili iliyopita: ningemtetea, ningeulizwa nilizibebaje peke yangu nisishtuke. Hakukitaja.

"Philbert, nipakilie ile mpya kwenye pikapu."

Vijana wawili wakasogea kunisaidia. Akawanyooshea mkono, wakarudi nyuma. Nikainama, nikaiweka begani, nikavuka uwanja wote peke yangu, kigango kizima kinanitazama jinsi nisivyohema.