Amotisa za Kumleta Mama

Mama yangu alianguka kule Musumba akavunjika nyonga, na hospitali ya kumtibu ilikuwa huku Kolwezi. Katikati palikuwa na ile barabara ambayo hata mtu mzima wa afya huitukana. Gari langu la njia mbovu lilikuwa na injini nzuri, ila amotisa, zile shokamzoba za kupunguza mtikiso, zilikuwa zimekufa. Kila shimo lilikufika kiunoni. Niliogopa sana kumuua mama kwa usukani wangu mwenyewe.

Nikaenda kwa mama mmoja anayeuza vipuri vilivyotumika. Nilitaka zile amotisa zinazovalishwa springi juu yake, kitu kimoja. Mpya zilinishinda bei. Hata kuzishika niliona haya. Akanitolea seti ya bei nafuu, kavu, haivuji hata tone la mafuta.

"Tata," akaniita kwa heshima, "hii ni ya nguvu. Ata ubebe mifuko mingi namna gani, haitainama."

"Mi siko nabeba mifuko, mama. Niko naenda kuleta mama yangu, ni mugonjwa."

"Ni hizi tu, tata."

Ndivyo tulivyo huku: gari ni la mizigo, mtu ni nyongeza. Nikanunua, nikazifungisha, maana sikuwa na namna. Nikang'oa viti vya nyuma, nikatandika godoro, nikaondoka. Gari tupu liliruka kama mbuzi njia nzima. Nilifika Musumba meno yananiuma, na yule muuzaji nimemlaani hadi nimechoka.

Asubuhi ya kurudi, nikakuta mjomba anapakia magunia ya muhogo na mahindi nyuma ya godoro. Kwetu mgeni haondoki mikono mitupu, hata akiwa amebeba mgonjwa. Nikawaka.

"Mjomba, hamuna huruma? Gari ya mugonjwa munaijaza bitu!"

Alikaza kamba tu, tukamlaza mama godoroni, na mimi nikaondoka nimenuna.

Shimo la kwanza nilifumba macho. Gari likazama polepole, likainuka polepole. La pili vilevile. Magunia yalikuwa yamezikalia zile springi ngumu, zikalainika. Nikageuka nyuma. Mama alikuwa ameuma pindo la kitenge, anasubiri maumivu. Shimo la tatu likapita, akalitoa lile pindo mdomoni.

"Endesha, mutoto. Mi niko nalala."

Akalala kweli. Nikaendesha huku nalia kwa furaha, wala sikujali nani ananiona.