Ukanda Ndani ya Tairi

Ukitaka kumuudhi Zipora, mwambie baiskeli ni chombo cha wanaume. Miaka thelathini na moja alikuwa mkunga, na miaka yote hiyo vijiji vya upande wa Mvumi alivifikia kwa baiskeli, begi la kazi limefungwa nyuma kwa mpira, sketi imekunjwa magotini, watu wakimkodolea macho mpaka wakachoka wenyewe. Tairi likitoboka aliliziba kwa mikono yake. Fundi angempata wapi katikati ya pori?

Sasa macho yamemsaliti. Presha ya macho imemwachia kadirisha kadogo tu mbele. Pembeni ni giza, na daktari amemkataza barabara. Akahamia Nzuguni kwa bintiye Gladness, kwenye vyumba viwili vya kupanga, baiskeli ikaegemezwa ukutani miezi minane. Zipora naye akawa vivyo hivyo, mtu wa kuegemea ukuta.

Gladness, mhudumu wa ofisi, ndiye aliyekuja na chuma kile. Bosi wake alikuwa anahama, akamwachia. Kilikuwa stendi inayobana gurudumu la nyuma na kuliinua, tairi likagusa rola. Ukikanyaga pedeli, baiskeli inakwenda na wala haiendi. Zipora alikicheka sana. Kisha akapanda, akafumba macho, na chumba kikaondoka.

Tangu hapo kila siku baada ya chai alisafiri. Alipita mashamba ya uwele, akavuka lile korongo la mchanga, na wanawake waliokuwa wakipepeta nafaka wakanyanyua mikono kumsalimu kwa lugha ya kwao: "Mbukwenyi, mama!" Akaitikia kwa sauti, peke yake chumbani, bila aibu hata kidogo. Macho yakifumbwa yaliona mpaka pembeni.

Taabu ilikuwa kelele. Mashine ilivuma na kugonga, du, du, du, na nyuma ya ukuta uleule alilala Mustapha, mlinzi wa usiku, ambaye mchana ndio usiku wake. Alivumilia wiki mbili. Ya tatu akaja mlangoni, macho mekundu.

"Shikamoo mama. Unisamehe, lakini silali. Juzi nimesinzia lindoni."

"Marahaba baba. Wa kusamehewa ni mimi."

Gladness aliona haya. "Mama, ikifika Jumamosi bado inagonga, tunaitoa. Mwenzetu atafukuzwa kazi kwa ajili yetu."

Zipora hakubisha. Alijua tu kwamba ikitoka, yeye anarudi ukutani.

Kesho yake akaanza. Alisafisha mnyororo kwa mafuta ya taa, akautia oili. Akakaza nati zote. Akafungua rola, akakuta beringi zimekauka, akazipaka grisi. Chini ya miguu ya stendi akatandika kipande cha godoro. Mvumo ukaisha. Lakini du, du, du ikabaki palepale, kama inamsuta.

Ijumaa jioni akatoa begini ile pembe ya mbao aliyokuwa akisikilizia mapigo ya watoto tumboni.

"Panda," akamwambia Gladness. "Kanyaga polepole."

Akapiga magoti, akaweka pembe kwenye chuma, sikio juu yake. Rola, safi. Ekseli, safi. Akafunga uzi mweupe kwenye spoki moja, akaizungusha pembe hadi nyuma, na kishindo kikaja mara moja tu kwa kila mzunguko wa gurudumu, uzi ulipofika kwenye rola. Mashine haikuwa na kosa. Kikulacho ki nguoni mwako: ugonjwa ulikuwa kwenye tairi lake mwenyewe.

Hakuhitaji kulifungua ili ajue. Mwaka mmoja miiba ya migunga ilimtoboa mara tatu katika safari moja, akafika kwa mama aliyeitwa Emiliana mtoto ameshakufa. Hakuna aliyemlaumu. Alirudi nyumbani, akakata ukanda wa tairi kuukuu, akauzungusha ndani ya tairi lake, akazishona ncha zake pale zilipopandana. Hakuchelewa tena. Barabarani kile kinundu cha mshono kilimezwa na vumbi. Juu ya rola hakikuwa na pa kujificha.

"Si uutoe tu, mama?"

"Nikiutoa, baiskeli hii haiendi tena Mvumi."

Gladness akashuka, akachuchumaa kando yake. "Haiendi, mama," akasema kwa upole.

Zipora alilia kama mtu aliyeletewa msiba. Alipomaliza akaomba kijiko, akabandua tairi kwa mpini wake, akauvuta ukanda, mkavu, umejikunja, miiba miwili ingali imekita ndani yake. Akauviringisha, akauweka begini pamoja na pembe.

Jumamosi baada ya chai alipanda, akafumba macho. Tairi lilipita juu ya rola bila neno. Barabara ikajitandaza, nyeupe, ndefu, na kwa mazoea akakanyaga kwa nguvu, moyo mbio, mpaka alipokumbuka kwamba hakuna anayemsubiri. Wote walishajifungua. Watoto wao wengi sasa ni watu wazima.

Ndipo akaisikia nyuma ya ukuta pumzi ya mtu aliyelala, inapanda, inashuka, haikatiki. Alfajiri nyingi aliwahi kukaa kwenye nyumba za waliojifungua akisikiliza pumzi kama ile, kabla hajathubutu kufunga begi na kuondoka. Zipora akapunguza mwendo, asimwamshe.