Maua ya Jino ya Persis

Kule Ikonge ukiumwa na jino hukimbilii duka la dawa. Unateremka mtoni, kwenye tope linalokanyagwa na ng'ombe, unachuma ua dogo la manjano linalotambaa chini kwa chini, unalitafuna. Ulimi unakufa ganzi, jino linanyamaza. Kwa miaka thelathini maua hayo yalikuwa na mwenyewe, naye ni Persis.

Hakuna aliyempa. Aliolewa hapa kutoka Kiogoro, akayakuta yanaota upande wa shamba la mumewe, basi. Lakini mtu akija ameshika shavu, Persis aliacha hata kuchuma chai, akamteremsha mtoni na kumchagulia yaliyokomaa. Alipenda kuitwa. Kanisani alikuwa shemasi pamoja na wenzake watano. Mtoni alikuwa peke yake. Nasema haya nikiwa jirani anayempenda.

Kisha shemeji yake Machogu akaoa Emily, akamjengea ng'ambo ya mto. Huko nako kulikuwa na maua. Emily hakuwa na makeke, mgonjwa akija alimwambia tu, "Ingia uchume." Watu wakaanza kuvuka.

Wivu ulimkaba Persis mpaka chakula kikamshinda. Alizungushia upande wake seng'enge, ng'ombe wasiguse hata ua moja. Mwalimu Onchiri, mgonjwa wake wa siku zote, alipovuka kwa Emily, Persis hakumsalimia mwezi mzima.

Persis ni Msabato, Emily ni Mkatoliki. Jumapili moja ya mwezi wa nne, Emily akiwa misani, Persis alivuka na jembe. Nilimwona kutoka kwenye shamba langu la chai nikanyamaza, Mungu anisamehe. Alikatakata kila shina, akavitawanya vipande topeni ili mwenyewe akirudi avione.

Mkulima mzima huyo! Hasira ilimsahaulisha kwamba mmea ule hutoa mizizi kwenye kila kifundo kinachogusa udongo. Mvua ikanyesha wiki tatu. Kufikia mwezi wa saba upande wa Emily ulikuwa manjano matupu. Upande wa Persis, kwa kukosa ng'ombe wa kuzila, nyasi zilipanda mpaka kiunoni zikayanyima maua jua.

Mwezi wa nane mama mkwe wao, Orpah, akashikwa na jino. Persis alipekua nyasi zake zote akapata maua mawili yaliyonyauka. Bibi akayatafuna, akayatema.

"Persis, nenda kwa Emily."

"Mama, ngoja nitafute mengine."

"Nenda. Jino halingoji."

Akavuka. Emily alikuwa akifua nguo.

"Karibu, Mama Abner," alisema, bila kucheka wala kuinua sauti. "Chuma tu. Si ni wewe uliyeyapanda?"

Persis aliinama akachuma, uso ukimwaka moto. Baadaye alinieleza kwamba aibu aliiweza. Kilichomchoma roho ni kuona maua yale yamekuwa makubwa kuliko yake ya miaka yote thelathini.

Alimpelekea bibi kiganja kizima. Orpah akatafuna, akafumba macho, maumivu yakamtoka.

"Haya ndiyo maua," alisema. "Huyu Emily ana mkono mzuri, kweli."

Hapo Persis akashindwa kuvumilia.

"Mkono wa Emily? Ni mimi niliyeyapanda, Mama! Mimi, na jembe langu!"

Bibi akaacha kutafuna, akamtazama.

"Upande wa Emily? Ulienda kufanya nini huko na jembe?"