Dobi wa Hai Mauna na Shairi la Madobi

Tulipoingia mtaa wa Hai Mauna, gari lililonitoa mpakani Nimule lilikuwa limeshamshusha kila mwenye kwao, na dereva akawa ananiuliza njia mimi, mgeni. Nyumba ya wageni tuliipata kwa kufuata nguo: kamba sita za mashati na mashuka, juu kidogo ya ukuta wa mabati. Nilikuwa na vumbi mpaka masikioni. Kila nilichovaa njiani nikakitia katika mfuko nikampa dobi, kama nilivyozoea katika miji mingine.

Asubuhi mashati yalirudi yamenyooka. Juu yake palikuwa na kifurushi cha gazeti: nguo zangu za ndani, kavu, na vumbi lake lote.

"Hiyo kila mtu anafua yake," dobi alisema bila kuniangalia. "Beseni iko pale. Sabuni nitakupa."

Huyo ndiye Natalina, ambaye mtaani wanamwita Mama Night kwa jina la bintiye. Ana miaka arobaini na mitatu. Alikulia ukimbizini Uganda, shule ikakatika katikati, na sasa anasoma na watu wazima wenzake huko Nyakuron, alasiri, vidole vimekunjamana kwa maji. Anataka kuwa mkunga, na chuo cha wakunga hakimpokei mtu bila cheti cha sekondari. Jaribio la Kiingereza alikuwa amelifeli. Siku hiyo, saa tisa, lilikuwa linarudiwa, na asiyefaulu hasajiliwi kwa mtihani wa mwaka huu.

Kilichomwangusha ni shairi, la Mwingereza mmoja wa miaka mia mbili iliyopita aliyezunguka mji wake mkubwa akihuzunika. Alinionyesha karatasi, imelegea kwa majimaji ya sabuni. Katika ubeti wa tatu dobi yuko mtoni kwenye baridi, mikono inatoka damu, anafua nguo za ndani za tajiri, machozi yanadondokea majini. Swali: dobi huyu anawakilisha nini? Darasa zima lina mwongozo, kijitabu cha majibu ambacho hukaririwa neno kwa neno, na mwongozo unajibu: unyonge wa mtu asiyeweza kukataa lolote. Natalina aliandika kwamba mshairi hajawahi kufua. Akapewa sufuri.

"Damu inashika kwa nguo nyeupe," aliniambia akikamua shuka. "Mwanamke mkono yake imepasuka, wenzake wanamfukuza mapema. Na hiyo ya ndani angemrudishia tajiri. Huyu bwana alisimama kwa daraja, akaangalia, akaenda nyumbani kulia. Shati alivaa ya kulia, nani alimfulia?"

Nimekaa na maprofesa katika miji minne, glasi mkononi, wakichambua mateso ya maskini katika ushairi. Hakuna hata mmoja aliyeulizia shati. Wangeulizwa, wangeitisha kongamano.

Mchana akaingia mwalimu wake, Matiya. Kumbe naye ni mteja. Tai shingoni katika joto lile, kalamu tatu mfukoni, mwongozo kwapani kama kitabu cha misa.

"Mama Night, leo andika ya kitabu. Dobi hawezi kukataa. Usiongeze kitu."

"Mwalimu," Natalina alisema, akimkunjia shati taratibu, "mwezi ile nyingine, mfuko yako ilikuwa na nini huko chini?"

Matiya akayatazama mabati.

"Mimi nilifua?" Natalina akauliza.

"Hapana."

"Nani alifua?"

"Mimi mwenyewe."

"Basi andika hiyo kwa mwongozo."

Wanawake wawili waliokuwa wakianika walijificha nyuma ya shuka. Likatikisika kwa kicheko.

"Wanaosahihisha hawajui mfuko wangu, mama," Matiya alisema. "Wana mwongozo tu. Hata mimi nilikariri, ndiyo nikawa mwalimu."

Aliyasema hayo kama utetezi. Akachukua mashati yake akaondoka haraka, asije akaulizwa jingine.

Saa nane Natalina alinawa, akavaa viatu vya kanisani. Nikamuuliza ataandika lipi.

"Ya kitabu. Dobi ni mnyonge, hawezi kukataa, analia. Mistari tatu, kalas, imekwisha."

"Na unajua ni uongo."

"Mzee, uongo ni yao. Mimi nabeba tu mpaka kwa cheti, halafu naweka chini. Mtoto akitoka tumboni hataniuliza huyo bwana alisema nini."

Alilikunja shairi mara nne, akalitia ndani ya kiatu, akashika njia ya Nyakuron. Nyuma yake kulikuwa na mji uliojaa watu wa mashirika wanaoandika ripoti kuhusu wanawake kama yeye, na mashati yao yote yalikuwa pale kwenye kamba.

Mimi nilikuwa nimechuchumaa mbele ya beseni na nguo zangu za ndani, mikono ndani ya povu. Langoni aligeuka, akanitazama kidogo.

"Usikamue kwa nguvu," alisema. "Mpira itakatika."

Akaenda.