Alama Zote kwenye Ugumu

Binamu yangu Zedekiah alikuwa fundi wa grili pale Kangemi, na chumba chake kimoja kilikuwa na milango mitatu ya chuma, mmoja nyuma ya mwingine. Ukimtembelea, unasimama nje dakika tano ukisikiliza kufuli zikifunguliwa. Ndani kulikuwa na kitanda, stovu na redio. Nilimuuliza mara nyingi mwizi atabeba nini, akanijibu kwamba hamwogopi mwizi.

Alichokuwa anaogopa nakijua. Miaka minne nyuma, baada ya ibada, alimwomba mwalimu mmoja aitwaye Veronicah wafunge ndoa, tena mbele ya kwaya nzima. Veronicah akacheka. Hakucheka kwa ubaya, alishtuka tu, lakini kwaya nayo ikacheka, sauti zote nne. Zedekiah alihama kanisa, akahama ploti alimopanga chumba, na wiki ile ile akachomelea mlango wa pili. Mimi hasira ilinishika na haijaniachia hadi leo, maana mtu mwenye mikono ya kazi kama ile hafai kuishi kama sefu ya benki.

Mwaka wa 2009 nilikuwa nasimamia saiba moja ya intaneti mjini, ghorofa ya pili, hatua chache kutoka Barabara ya Tom Mboya. Zedekiah alikuja kutuwekea grili ya dirisha, akawakuta wateja wakicheza ule mchezo wa mtandaoni ambao kila mtu ana shujaa wake na mnapigana na madude pamoja. Akaweka chini mashine ya kuchomelea.

"Naliaka, hizo nambari ziko hapo kando ni za nini?"

Nikamweleza. Dude likikupiga kawaida, linakutoa uhai kumi. Lakini mara moja moja, bila kukuonya, linakupiga pigo la balaa, na hilo linatoa thelathini. Kulizuia huwezi. Unachoweza ni kulipunguza makali. Ukipanda ngazi unapewa alama za kugawa: ukiziweka kwenye Nguvu, unapiga zaidi, ukiziweka kwenye Ugumu, balaa ya thelathini inashuka hadi kumi na nane, ukiongeza inashuka hadi kumi na mbili. Kadiri unavyoongeza ndivyo inavyopungua kidogo kidogo, na haifiki sifuri hata ufanyeje. Moja lazima ipite.

"Moja si kitu," akasema, na macho yake yalikuwa yamelowa. Naapa.

Tangu siku hiyo kila saa ya chakula cha mchana alikuwa kwenye kiti namba sita. Shujaa wake alimpa jina Grili, na alama zote, kila moja aliyoipata, aliziweka kwenye Ugumu. Kwenye Nguvu hakuweka hata nusu. Matokeo yake, Grili aliweza kupigwa na nguruwe mwitu dakika arobaini bila kufa na bila kumuua huyo nguruwe. Wateja waliacha mambo yao kumtazama. Mwishowe nguruwe aligeuka akarudi msituni kwake, na Zedekiah akainuka kwenda kazini akiwa amefurahi kama mtu aliyeshinda kesi.

Mimi nilikuwa mpiga mishale, mwepesi kuua na mwepesi kufa. Nilicheza nyuma yake nikiamini nimepata ukuta. Kumbe! Shujaa mgumu ana kitufe cha kumkinga mwenzake: ukikibonyeza, pigo lililokuwa linakuja kwa mwenzako linatua kwako. Pigo la kunimaliza mimi, kwake lingekuwa mkwaruzo. Zedekiah hakukigusa kamwe. Nilikufa mara kumi na tisa nikiwa hatua moja nyuma ya mtu asiyeumia.

"Zede, bonyeza kitufe!"

"Halafu hiyo balaa inikujie mimi? Zi, sitaki."

Ndipo akaja Nyokabi. Alikuwa anauza mapazia sokoni Kangemi, akaagiza grili ya kibanda, kisha akaagiza nyingine ambayo hakuihitaji. Alikuwa mvumilivu kuliko yule nguruwe. Mwaka mzima alisimama nje akisikiliza kufuli, hadi siku moja akamwambia wazi: "Mimi nakupenda. Sasa leta watu wako kwetu." Tukapeleka wazee kwao Waithaka, mahari yakazungumzwa, ikabaki siku ya ngurario, sherehe ya Wakikuyu ya kukamilisha mambo.

Sisi Wabukusu wa Kangemi tuliambiwa kwamba siku hiyo bibi arusi na wenzake hufunikwa leso kuanzia kichwani hadi miguuni, wanapangwa, na bwana arusi anamchagua wake. Akikosea anatozwa mbuzi na watu wote wanacheka.

Kufika kwenye neno "wanacheka", Zedekiah aliacha kusikiliza.

Alikuja Waithaka amevaa suti ya kijivu iliyomkaa vibaya. Mzee Kiarie, amiye Nyokabi na msimamizi wa shughuli, alipomkumbatia, kifua kililia ngwaa! Chini ya suti alikuwa amevaa chuma. Shiti mbili za bati la geji kumi na sita, ya mbele na ya nyuma, zimeungwa kwa mikanda.

"Kijana, uko sawa?"

"Niko sawa, Mzee. Ni mgongo tu."

Wakaletwa wanawake watano kwenye nyasi katikati ya mahema, wamefunikwa gubigubi, urefu mmoja, na hata viatu vimefichwa. Zedekiah akasimama mbele yao. Akasimama. Dakika tano, kumi, ishirini. Nilielewa kabla ya wengine: alikuwa anawangoja wachoke warudi msituni. Vigelegele vikaisha. Mtu akauliza kama chakula kinaweza kuanza. Mimi nilitamani ardhi inimeze, na kabla ya kunimeza nimzabe kofi.

Kisha mvua ikashuka, ile ya Aprili isiyopiga hodi. Wanne wakakimbilia hemani na leso zao, wakipiga mayowe. Wa tano hakusogea.

Mtu yeyote mwenye akili angemaliza hesabu hapo. Zedekiah hakumaliza. Alinieleza baadaye kwamba aliona ni mtego, kwamba shangazi wa watu wanaweza kumwacha bibi kizee pale makusudi. Lakini leso ilikuwa imegandamana na mabega ya yule mtu, na mabega yalikuwa yanatetemeka.

Nikapanda juu ya kiti. "Kitufe, Zede! Bonyeza kitufe!"

Wakwe wote waligeuka kunitazama kama mwendawazimu. Zedekiah hakugeuka. Alivua koti, akafungua mikanda, shiti ya nyuma ikaanguka kwenye matope. Ile ya mbele akaiinua kwa mikono miwili, akatembea hadi pale na kuishikilia juu ya kichwa cha yule mtu. Mvua ikaanza kupiga juu ya chuma kama juu ya paa la nyumba.

"Kwa hivyo ni huyu?" Mzee Kiarie akaita kutoka hemani.

"Sijui, Mzee! Ananyeshewa tu!"

Mahema mawili yakacheka. Walicheka wakashikana mabega, walicheka kuliko kwaya, na yeye amesimama katikati na shati jeupe limeshikana na ngozi, bila hata kipande cha kumkinga.

"Hii muda yote," sauti ya Nyokabi ikasema chini ya leso. "Haya, nifunue basi, naskia baridi."

"Siwezi. Nikiachilia, utanyeshewa."

Ikabidi ajifunue mwenyewe. Mzee Kiarie akatangaza kwamba hilo ni kosa, bwana arusi ndiye hufunua, na faini ni mbuzi mmoja. Zedekiah aliniangalia kutoka kule kwenye mvua, mikono bado juu, akiwa anacheka na wao.

"Mmoja tu! Mmoja si kitu!" akapaza sauti.