Masika wa Nta

Masika alipoanguka mkarafuu, paja lilivunjika, na watu wa Konde wakajua kwamba msimu ule hatakwea tena. Wenye mashamba walisikitika. Alikuwa mchumaji wa kugombaniwa, tawi la mbali kabisa alilifikia bila kulivunja. Alipotoka hospitali akawekewa kitanda cha kamba uwani, na kazi yake ikawa kumtazama mkewe, Mwatima, na jirani yao Bi Moza wakitengeneza batiki.

Mwatima aliyeyusha nta, akachovya muhuri wa sponji na kuugandamiza kwenye kitambaa cheupe. Pale nta iliposhika, rangi haikuingia. Siku moja wanawake wawili hao wako kwenye beseni la rangi, sufuria ya nta ikaanza kufuka moshi.

"Mama Asma, nta inaungua!" Masika alimpigia kelele mkewe.

"Si uiepue? Kwani mikono nayo imevunjika?"

Akajivuta, akaiepua. Tangu hapo jiko likawa lake. Alijifunza kwamba nta ikipoa mno hukaa juujuu na rangi ikapenya chini yake, na ikipata moto mno hutambaa na umbo la ua likapotea. Kisha akachukua wembe, akaanza kuchonga mihuri yake mwenyewe.

"Hizi karafuu au nyota?" Bi Moza aliuliza, akigeuza kitambaa huku na huku.

"Karafuu, Bi Moza. Ndivyo zilivyo ukiwa juu ya mti."

Bi Moza, ambaye maisha yake yote alizitazama kutoka chini, alitaka kipande kile akishone kanzu.

Wanaume wenzake walimtania kwamba amehamia jikoni. Yalimchoma. Kwa muda akawa anafunga mlango wa ua kila anapokoleza jiko, mpaka Mwatima akalalamika kwamba moshi unawaua. Akaufungua, na hakuufunga tena.

Msimu mwengine wa karafuu ulipoingia, mguu ulikuwa umepona, ila alichechemea kidogo. Mdogo wake, Ngwali, akaja asubuhi na pakacha begani.

"Kaka, twende. Wanakuulizia."

Masika alikwenda. Alikwea vizuri, mikono haikusahau kitu. Adhuhuri alishuka, akajipangusa, akamwambia nduguye:

"Kesho usinipitie."

"Unaogopa?"

"Wala. Asubuhi nzima niko juu nawaza kama Mama Asma ameiepua nta."

Ngwali alicheka mpaka akakaa chini. Jioni ile aliyasimulia hayo sokoni, na jina la Masika wa Nta likaenea. Mwatima alihofu litamuudhi mumewe. Lakini wanunuzi waliotoka Wete walipofika wakiliulizia jina hilo, Masika mwenyewe alitoka kuwapokea.

"Ndimi mimi. Karibuni ndani, angalieni rangi."

Siku hizi mumewe akichonga, Mwatima anachanganya rangi, na Bi Moza anakosoa wote wawili. Alasiri vitambaa vikikauka kambani, hukaa wakanywa chai kwa mihogo ya nazi, na mara nyingi Ngwali hutokea wakati huohuo. Kabla ya Idi iliyopita alikuja na haja yake mwenyewe.

"Kaka, nitengenezee kitambaa cha shati la Idi. Buluu. Lakini maua usinitilie, watu watasemaje?"

Masika akamtilia mistari. Ngwali alilivaa shati lile siku zote za Idi, na mpaka leo hajalivua ila kwa kufua.